Dakika Moja Kabla ya Kuzima

Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikitambaa chini ya magari katika gereji ya baba, na kwa miaka kumi na minne wateja wamekuwa wakiinama, wananitazama nilivyo na spana mkononi na oili mpaka kwenye nyusi, halafu wananiuliza kwa adabu zote, "Samahani dada, fundi yuko wapi?" Zamani nilikuwa najibu. Siku hizi nanyoosha kidole kuelekea kwa baba, ambaye wakati huo huwa amekaa juu ya tairi la lori anakunywa chai, nao wanakwenda kumshukuru kwa kazi niliyoifanya mimi. Baba huzipokea shukrani zote. Kwa kupokea ni mkarimu sana.

Gereji iko juu, kando ya barabara kuu. Nyumba yetu iko chini, mwisho wa mteremko mrefu wenye mashimo ambayo tunayajua kwa majina. Na gereji ina sheria moja tu: fanya, usiulize. Baba alinifundisha kazi kwa amri. Kaza hiyo. Legeza ile. Usiguse hapo. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kana kwamba umemuuliza alizaliwa na nani. Kwa hiyo sababu za mambo mengi nimejifunza kwa kuyaharibu kwanza.

Gari lake ni kigari kidogo, injini yake ungeweza kuifunika kwa beseni la kufulia. Mwaka niliozaliwa mimi, baba aliifunga injini hiyo supachaja, kwa mikono yake, bila kitabu. Alitupenda wote wawili, mimi na supachaja, ila supachaja alikuwa anaifuta vumbi. Kazi ya supachaja ni kuishindilia injini hewa ili iwe na nguvu kuliko umbo lake, na inazungushwa na mkanda unaotoka kwenye injini hiyohiyo. Maana yake ni kwamba ni kama yule ndugu anayekuja kukusaidia kulima, lakini lazima ale kwanza. Na ilikuwa na mluzi. Mluzi mwembamba wa kutia meno ganzi, uliosikika kabla gari halijaonekana, na mtaa mzima ukajua fundi mkuu anapita.

Miaka mitano iliyopita baba akaongeza kituko kingine. Jioni akirudi nyumbani, akifika juu ya mteremko, anazima injini, anatoa gia, gari linateleza lenyewe kimyakimya mpaka getini, yeye akipambana na breki zilizokuwa ngumu kama jiwe. Mtaa haukukawia kumpa jina: Mzee Tone, mtu asiyetaka tone la petroli lipotee. Hata marehemu mama, aliyekuwa akisumbuliwa na maumivu ya kichwa miaka ile, alikuwa akimwita hivyo na kucheka mpaka anashika paji la uso. Baba hakujitetea hata siku moja. Mimi nikasema moyoni, bahili hana aibu, nikaendelea na kazi zangu. Kitu ukikiona kila siku, mwisho hukioni tena.

Basi mwaka huu, katikati ya mlima, mbele ya kituo cha mafuta na mbele ya watu wote wasiokuwa na kazi, supachaja ikakata roho. Beringi zilisagika, mapanga ya ndani yakakwama kwenye kasha, na mkanda ukakatika kwa mlio ambao baba anasema hakuusikia. Gari likasukumwa mpaka gerejini na wanaume sita, kila mmoja akitoa ushauri. Mzee Tone alitembea nyuma ya gari lake kama mfiwa.

Kaka yangu alifika kabla injini haijapoa. Tunamwita Mheshimiwa, si kwa sababu amewahi kuchaguliwa popote, bali kwa sababu hajawahi kubeba kitu. Ana biashara ya kukodisha viti vya plastiki na maturubai, na siku zote macho yake yakitua kwenye gereji yetu yanaona ghala.

"Baba, umechoka," alisema kwa huruma iliyopigwa pasi. "Ufunge tu hapa. Mimi nitaweka viti vyangu, wewe utapumzika."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utanisaidia kuvihesabu."

Nilimtupia tambara lenye grisi, kwa bahati mbaya likamkosa. Kisha nikamwambia baba kwamba supachaja ya aina ile haipatikani tena hata kwa dawa, lakini naweza kuitoa na kufunga tabo, mashine nyingine ya kuisukumia injini hewa, mahali pake. Baba akamaliza chai yake. Halafu akatoa hukumu, kama kawaida yake.

"Siku saba. Gari lipande mlima asubuhi na lishuke jioni, siku saba, bila kusukumwa na mtu. Likiweza, ufunguo wa gereji ni wako, mimi naenda kukaa. Likisukumwa hata hatua moja, kaka yako alete viti."

"Kwa nini siku saba?"

Akanitazama. Nikakumbuka sheria.

Nitasema ukweli, niliogopa. Nina miaka thelathini na miwili, sijui kazi nyingine, na wala sitaki kuijua. Pale ndipo mahali pekee duniani ambapo nikiamka asubuhi nina hamu ya kwenda. Kuja kuhesabu viti vya Mheshimiwa kwenye sakafu ileile niliyoimwagia oili tangu usichana, afadhali wanizike na kisanduku changu cha spana.

Kazi ilichukua siku nane. Kwenye yadi ya vyuma chakavu nilipata tabo mbili kutoka kwenye vigari viwili vilivyogongwa: moja kasha lake zuri, nyingine shafti yake nzuri kidogo. Niliisafisha ile ya kasha zuri, nyingine nikaiweka juu ya kabati. Nilitoa supachaja na mikono yake yote, nikafunga mkanda mfupi, kwa sababu sasa hapakuwa na wa kulishwa. Mchomeleaji wa jirani akanitengenezea ekzosi mpya ili moshi upite kwanza kwenye tabo. Nikatoboa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikachomelea kijibomba cha kurudishia oili, kikiwa kimeinama chini vizuri, maana oili ya tabo haipandi mlima.

Baba alikuwepo siku zote nane, juu ya tairi lake, kwa ajili ya kunitia moyo.

"Kwa hiyo hiyo inazungushwa na nini?"

"Na moshi, baba. Moshi unaotoka. Ule ambao tulikuwa tunautupa tu."

"Yaani gari litakula moshi wake."

"Halili. Moshi unazungusha kifeni, kifeni kinasukuma hewa."

"Mtu hali matapishi yake," akasema, akapuliza chai. "Na huo mluzi wake uko wapi?"

"Haina mluzi. Inavuma kidogo tu."

"Gari lisilo na sauti," akamwambia Mheshimiwa, aliyekuwa anapita kupima mlango kama turubai litaingia. "Haya. Tumezeeka, tutaona mengi."

Mheshimiwa akatikisa kichwa. "Penye wazee haliharibiki neno."

Neno labda. Magari yanaharibika, na yanaletwa kwangu.

Sasa tabo ina tabia yake moja, na hapa ndipo ninapoomba msomaji anisikilize, kwa sababu mimi mwenyewe sikujisikiliza. Shafti yake inazunguka kwa kasi ya kutisha, na haikai juu ya gololi. Inaelea ndani ya utando mwembamba wa oili, na oili hiyo inasukumwa na injini. Ukitoka kupanda mlima ukazima injini papo hapo, tabo bado ina moto na bado inazunguka, lakini oili imekatika. Chuma kinasagana na chuma. Dawa yake ni ya bure: iache injini iungurume taratibu dakika moja, ndipo uzime.

Haya yote ningeweza kumweleza baba. Ni maneno machache, na yeye ni fundi, angeyaelewa kabla sijamaliza. Badala yake, asubuhi ya siku ya kwanza, nilimkabidhi ufunguo nikamwambia, "Baba, jioni ukifika nyumbani, kaa garini dakika moja ndipo ushuke."

"Kwa nini?"

"We kaa tu."

Jamani, raha niliyoisikia! Miaka kumi na minne nilikuwa nangoja zamu yangu ya kusema maneno hayo. Nilitembea siku nzima kama niliyevishwa taji.

Siku ya kwanza kigari kilipanda mlima hata baba akasahau kukunja uso. Tabo huchelewa kidogo kuitika, kama mtoto aliyetumwa dukani, lakini ikishaitika imeitika. Siku ya pili na ya tatu vilevile. Mimi jioni hubaki nyuma kufunga gereji na kuteremka kwa miguu, kwa hiyo sikuwa naliona gari likifika. Kila nikiingia ndani namuuliza, "Ulikaa dakika moja?" Naye anajibu, "Nilikaa," kwa sauti ile anayomjibia daktari. Nikadhani ananidanganya. Nikachungulia saa yake, nikachungulia uso wake. Hakuwa anadanganya.

Siku ya tano ekzosi ikaanza kutoa moshi wa buluu, dalili ya oili inayoungua.

Nilifungua kijibomba cha kurudishia oili, kilikuwa safi. Nikaangalia oili yenyewe, ilikuwa nzuri ya kupaka mwilini. Nikamlaumu mchomeleaji, nikaenda kumwomba radhi, nikarudi nikamlaumu tena kimoyomoyo. Siku ya sita asubuhi tabo ilikuwa inakwaruza. Nikafungua mpira wa hewa, nikashika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ilicheza juu na chini kama jino la mtoto wa miaka saba. Tabo iliyoingia nzima ilikuwa inakufa, na sikujua inauawa na nani. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mimi siku hiyo nilikuwa nimevaa ovaroli tu.

Mheshimiwa alikuja na futi ya kupimia. Akapima sakafu kwa furaha ya mtu anayepima kaburi la jirani. "Viti mia nne," akasema. "Mia nne na ishirini, tukiondoa hilo tairi la baba."

Jioni ya siku hiyo ya sita nilifunga gereji mapema, jua bado liko juu ya mapaa. Nikaingia kwenye kiti cha abiria.

"Unakwenda wapi?" baba akauliza.

"Nyumbani. Kwani huko ni kwa nani?"

Njia ilikuwa ileile anayopita kila jioni. Gari lilizunguka mjini kupeleka vipuri kwa mteja, likapanda mlima kwa shida, likiacha moshi nyuma yetu kama lililokuwa linafukiza mbu. Tukafika juu ya mteremko. Mkono wa baba ukatoka kwenye usukani, polepole, bila yeye kuutazama, ukashika ufunguo. Ukazima.

Kimya. Matairi tu juu ya changarawe.

"Umefanya nini?"

"Nimezima."

"Baba, kwa nini umezima?"

"Kwani siku zote nafanyaje?"

Siku zote anafanyaje! Mtaa mzima unajua anafanyaje, hata mbwa wa getini wanajua, na mimi, fundi wa kutoboa sampu na kuchomelea vijibomba, nilikuwa nimesahau. Gari likateleza mpaka getini. Akavuta breki ya mkono. Kisha akainua mkono wa kushoto, akatazama saa, akatulia kama mwanafunzi.

"Sasa unafanya nini?"

"Nakaa dakika moja. Si uliniambia? Siku zote nimekaa. Juzi mvua ilinyesha, dirisha hili halifungi, nikakaa."

Nilipiga kelele. Sitaandika yote niliyosema, kuna watoto wanasoma. Nilimweleza shafti, oili, moto, chuma juu ya chuma, mambo yote ambayo yangenigharimu nusu dakika kuyasema siku ya kwanza. Halafu nikamalizia na lile nililokuwa nimelibeba miaka mitano.

"Umeiua tabo yangu, na gereji yangu, kwa ajili ya matone mawili ya petroli! Ubahili gani huu, baba? Utazikwa nayo hiyo petroli?"

Hakukasirika. Hilo ndilo lililonitisha. Aliendelea kutazama saa mpaka dakika ikaisha, maana aliagizwa. Kisha akasema, "Si petroli."

"Ni nini basi?"

Alitazama dirisha la pembeni ya nyumba, lile la chumba alichokuwa analala mama. Pazia lake bado ni lilelile.

"Mama yako usiku alikuwa halali. Hilo mlijua. Usingizi ulikuwa unamjia saa hizi, jua likipoa. Saa moja tu kwa siku. Sasa mimi nafika pale juu na ule mluzi wa supachaja, anaamka, na akiamka kichwa kinaanza upya mpaka asubuhi. Nikaanza kuzima kule juu."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Nitembee mtaani naeleza kwamba mashine niliyoitengeneza mwenyewe, kila mtu anaisifia, inamtesa mke wangu?"

"Si ungeitoa."

"Ningeitoa." Akafuta usukani kwa kiganja, mahali ambapo hapakuwa na vumbi. "Sikuitoa. Nilikuwa naipenda. Kwa hiyo nikawa nazima. Yeye mwenyewe akaniita Mzee Tone, akawa anacheka. Nikaona acheke tu. Hakuwa na vitu vingi vya kumchekesha."

"Mama ana miaka miwili kaburini, baba."

"Najua. Mkono unazima wenyewe."

Nilijisikia vibaya, na ni jambo ambalo sijalizoea. Miaka mitano nilimcheka baba yangu kwa upendo wake. Nikataka kumshika ule mkono, lakini kwetu hatujafundishwa hivyo, nikashuka, nikafungua geti.

Asubuhi ya siku ya saba nilikuwa gerejini kabla ya mfagizi wa barabara. Niliteremsha ile tabo ya pili kutoka juu ya kabati, nikatoa shafti yake, nikaiosha, nikaihamishia kwenye kasha langu zuri pamoja na bushi zake, zile pete inamozungukia. Kigari kilikuwa bado hakijapanda mlima siku hiyo kwa sababu kilikuwa tayari kiko juu. Kililala huko, nilikirudisha mwenyewe ile jioni bila kuzima popote, nikikwaruza njia nzima. Baba alifika kwa miguu, akakaa juu ya tairi. Safari hii hakusema kitu kuhusu matapishi. Aliuliza tu, "Hiyo bushi inaingia upande gani?" Nikamwambia upande na nikamwambia sababu. Alisikiliza mpaka mwisho. Sote wawili tuliona aibu kidogo.

Mchana baba alikiteremsha kigari upande wa mjini na kukipandisha, kikapanda kwa nguvu zake chenyewe. Jioni tukateremka pamoja. Mheshimiwa alikuwa ametutangulia getini, mikono nyuma, mkaguzi asiyetumwa na mtu, anangoja kuona kama kuna wa kusukuma.

Tulipofika juu ya mteremko nikauona mkono. Ulitoka kwenye usukani, ukaenda kwenye ufunguo, ukaugusa. Nilikuwa nimeshasema mengi. Mkono ukakaa pale muda wa shimo moja na jingine, kisha ukarudi kwenye usukani, na tukateremka injini ikiwaka, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitano.

Getini akavuta breki ya mkono. Injini ikabaki inaunguruma chini chini. Tabo haikukwaruza, haikupiga mluzi. Baba aliinamisha kichwa upande mmoja, akasikiliza, macho yake yakiwa kwenye lile pazia.

"Hii," akasema, "asingeisikia."

Nami nikatazama nje upande wangu, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka Mheshimiwa anione.

Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshafika dirishani. "Mbona hamshuki? Mnangoja nini?"

Nikajiandaa kusikia "nyamaza" ya baba.

"Shafti bado inazunguka," baba akamjibu, taratibu, neno baada ya neno. "Nikizima sasa hivi oili inakatika, na yenyewe bado ina moto. Itasagika."

"Nani kasema hivyo?"

"Fundi."

Mheshimiwa akatazama huku na huku kumtafuta huyo fundi. Baba akatazama saa. Dakika ilipotimia akainua mikono yake yote miwili kutoka kwenye usukani, akaiweka magotini.

"Zima wewe," akaniambia.

Nikanyoosha mkono, nikageuza, nikachomoa. Funguo zote zilikuwa kwenye pete moja, na ule mkubwa wa gereji, uliolika meno, ukaning'inia kati ya vidole vyangu. Nikampa. Hakupokea. Alishuka, akaufunga mlango wa gari polepole kabisa, kama mtu aliyefika nyumbani akijua kuna mgonjwa aliyelala.